Mpigaji Mwachie Kipa

Kila Jumamosi asubuhi ninyi vijana wa nyumbani mnakuja uwanjani na viatu vya kukodi, mnashikilia ukuta, mnaanguka na kucheka, kisha mmoja wenu hunifuata kwenye benchi na kuniuliza, "Anko, ni kweli ulikuwa unalipwa kucheza hiki kitu?"

Ni kweli. Nililipwa kucheza hoki ya barafuni miaka kumi na minne, katika timu saba, na sikuwa nyota wa hata moja. Nilikuwa beki wa kuziba pengo. Mtu akivunjika mguu, akigombana na kocha, au akirudi kwao kuoa, simu yangu ililia. Nilicheza hapa Dubai, nikacheza Abu Dhabi na Al Ain, nikacheza msimu mmoja Kuwait na mwingine katika mji wa baridi ambao mpaka leo siwezi kulitamka jina lake vizuri. Goti langu lilipokataa kabisa, nikaacha. Naandika kwa sababu nikiwaeleza kwa mdomo mnanikatiza mkiuliza habari za meno.

Meno mawili ya mbele si yangu. Yangu yalibaki Al Ain, kwenye mechi ya ugenini. Vaeni kinga ya meno hata siku ya mazoezi, na hasa siku ya mazoezi, maana hapo ndipo mtu hupiga paki ovyo. Paki ni kile kidude cheusi cha mpira mgumu mnachokiona kidogo kutoka huko jukwaani. Kikikujia usoni si kidogo.

Kwanza mjue nilikuwa nachezea nini. Wazazi wetu walifariki nikiwa na miaka kumi na mitano, karibu na Kitale. Baada ya mazishi ndugu wa baba walikaa chini ya turubai wakatugawa: mdogo wangu Barasa, miaka tisa, aende kwa baba mdogo Eldoret, Nekesa, miaka mitano, aende kwa shangazi Busia. Mimi nilikuwa Form One. Nikasimama nikasema hakuna anayeenda popote. Nikaacha shule, nikafanya vibarua vya mashamba na ujenzi, na tukabaki watatu katika nyumba ileile. Nilijiapia jambo moja: hawa wawili watamaliza shule. Nilipopata kazi Dubai, nyanya yetu alihamia nyumbani awaangalie. Barasa akamaliza Form Four. Akabaki Nekesa. Kila begi nililobeba na kila kipigo nilichopata ubavuni kilikuwa cha Nekesa kumaliza shule. Hakuna kitu kingine nilichokuwa nachezea.

Nilikuja kama mfanya usafi katika jengo la maduka lenye uwanja wa barafu, wakanihamishia dirisha la kugawa viatu. Nilikuwa sijawahi kuona barafu iliyozidi ile ya ndani ya friji. Asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, nilijifunza kuteleza nikisukuma pengwini wa plastiki, yule wanayeshikilia watoto wa miaka minne. Nina urefu wa futi sita na inchi tatu. Pengwini alinifika magotini. Mtu yeyote asiwadanganye kwamba kuna njia ya heshima ya kuanza kazi hii.

Aliyeniona ni kipa. Anaitwa Nassor, wa ukoo wa Kizanzibari ulio Dubai tangu enzi za babu yake. Wana duka la vitambaa Bur Dubai. Alijifunza barafu akiwa mtoto hapahapa. Mfupi, mnene, anapumua kwa sauti kama pampu ya maji, na nyuma ya dirisha langu alikuwa na mashine yake ya kunolea vyuma vya viatu. Siku moja timu yake ilikosa beki mazoezini.

"We Mkenya," akaniita. "Njoo usimame pale mbele yangu."

"Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Mrefu wewe, umeshafanya kazi nusu."

Nikasimama. Baada ya miezi kadhaa nikawa kwenye orodha ya wachezaji. Mechi yangu ya kwanza niliingia mbio, kifua mbele, nikaanguka kifudifudi hata kabla filimbi haijapulizwa. Nilikuwa sijavua vifuniko vya plastiki, vile tunavyovaa juu ya vyuma ili tutembee sakafuni bila kuvifanya butu. Kutoka golini nikasikia Kiswahili, polepole kabisa: "Mkenya, kibla si huko."

Kwa hiyo kabla hujakanyaga barafu, tazama miguu yako. Na ukitoka, kausha vyuma kwa kitambaa, usiviache unyevu ndani ya begi. Hapa nje joto ni arobaini na kitu. Begi lililofungwa ndani ya gari mchana hugeuka kitu ambacho majirani watapigia polisi. Glavu anika kwenye baraza. Usianike karibu na nguo za wenzako wa chumba. Mimi nilihamishwa vyumba viwili kwa sababu ya glavu.

Kutazama pia kunafundishwa. Mshambuliaji akikujia, usiangalie paki, na usiangalie macho yake. Macho yanadanganya, mikono inadanganya, gongo la kuchezea ndilo linaloongoza kwa uongo. Tazama nembo ya kifuani. Kifua kikienda kushoto, mtu mzima ameenda kushoto.

Mimi na Nassor tulikuwa na silaha ambayo wengine hawakuwa nayo. Washambuliaji wa ligi ile walikuwa Warusi, Wakanada, Wafini na Waarabu wa hapa, na wote walielewana kwa Kiingereza. Sisi wawili tulipanga ulinzi kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele yao. "Mrefu huyu mbovu kushoto, msukume kushoto." "Nambari tisa kachoka, mwache aje." Tulifurahia misimu miwili mizima. Kisha ikaja timu yenye Mkanada mmoja mwenye ndevu nyekundu. Kila tulipopanga kumziba, yeye alikuwa ameshajua. Tukisema kushoto, yuko kulia. Tukisema kachoka, anaongeza mbio. Akatufunga matatu. Baada ya mechi, kama ilivyo desturi, timu hupanga mistari miwili na kupeana mikono. Alipofika kwangu akasema, "Pole sana, mzee. Nilizaliwa Kijabe, kwenu Kenya, baba alikuwa mmishonari." Akaenda kwa Nassor akamwambia, "Na mimi sijachoka."

Kwenye gari Nassor alifunga mlango kwanza. "Kuanzia leo," akasema, "tutanong'ona."

Timu saba zimenifundisha kuingia chumba cha kubadilishia nguo. Ukifika mgeni, usikae. Simama na begi lako mpaka umjue kila mtu anakaa wapi, kwa sababu kuna sehemu inaonekana tupu kumbe ni ya mtu aliye chooni, naye amekaa hapo miaka sita. Jua jina la anayenoa vyuma kabla hujajua jina la kocha. Chukua nambari ya jezi iliyobaki. Na usiseme, "Kule nilikotoka tulikuwa tunafanya hivi." Hakuna anayetaka kujua kule ulikotoka.

Lakini kuna jambo moja lililonichukua miaka mitano, na ndilo nataka mlishike.

Itatokea wakujie wawili, na wewe uko peke yako na kipa nyuma yako. Mmoja ana paki, mwingine anakimbia upande wa pili. Kila kitu mwilini mwako kitakuambia umrukie mwenye paki. Usimrukie. Ukimfuata yeye, atampa mwenzake, na kipa hawezi kuwa pande mbili. Kaa katikati, lala chini ikibidi, gongo juu ya barafu, ziba njia ya pasi. Mpigaji mwachie kipa.

Sikuweza. Mara zote nilimrukia mpigaji, kisha nikajaribu kumrukia na yule wa pili, na mara zote tulifungwa. Siku moja Nassor alivua helmeti katikati ya mazoezi.

"We Mkenya. Mimi nimevaa magodoro haya yote ya nini? Mapambo?"

"Nataka kukusaidia, Bwana Nassor."

"Hunisaidii, unanikinga nisione. Huyo mwenye paki wangu. Wako yule wa pili. Nikifungwa, n'tafungwa mimi. Kwani mie mtoto wako?"

Wenzetu walicheka bila kuelewa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelea watu tangu nina miaka kumi na mitano. Kumwachia mtu kitu cha kwake akibebe mwenyewe, hilo sikuwahi kufanya, na sikujua linafanywaje.

Mwaka wangu wa tano hapa, wiki moja kabla ya nusu fainali, nilikuwa barazani kwenye nyumba ya wafanyakazi, Dubai Investments Park, nikigeuza glavu. Barasa akapiga simu.

"Kaka, Nekesa yuko nyumbani."

"Amefukuzwa?"

"Hajafukuzwa. Ametoka tu. Anasema harudi."

Nekesa alikuwa Form Three, shule ya bweni, miaka kumi na saba. Nyanya alikuwa ameshatutoka mwaka uliotangulia. Nikamwambia Barasa ampe simu.

"Nataka kuja Dubai," Nekesa akasema.

"Kufanya nini?"

"Kazi yoyote. Cashier, hoteli, hata kusafisha. Wewe uliacha Form One na uko kwa TV."

"Hiyo TV haina mtu anayeitazama, Nekesa. Hii kazi ni ngumu."

"Ngumu wapi? Picha zako zote unacheka."

Kosa hili ni letu sote tulio huku. Kwa miaka mitano nilikuwa nimewatumia picha za kombe, picha za ghorofa ndefu, picha nimeketi kama mfalme juu ya rundo la barafu iliyokwanguliwa na mashine. Nilipopoteza meno nilipiga picha mwezi mzima mdomo ukiwa umefungwa. Ubavu ulipopasuka niliwaambia niko likizo. Nilidhani nawaondolea wasiwasi. Kumbe nilikuwa namchorea Nekesa njia ya kutoka shuleni, picha moja kila Ijumaa.

Siku ile nilimpigia mara tisa. Nilimkaripia, nikambembeleza, nikamkumbusha mama, jambo ambalo bado naona aibu nalo. Mara ya kumi hakupokea. Kesho yake nikamwendea kocha kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Alikuwa Mslovakia, si mtu mbaya. Akanieleza bila kuzunguka: nikiondoka wiki ile atachukua beki mwingine, na nikirudi nitakuta kibali changu cha kazi kimefutwa. Ndivyo ilivyo kwa mtu wa kuziba pengo. Pengo haliwezi kwenda likizo.

Nassor alinikuta kwenye benchi nafunga utepe kwenye gongo. Nilikuwa naufunga upande usiofaa.

"Nani kakufia?" akauliza.

Nikamweleza yote. Akakaa kando yangu na magodoro yake, benchi likalia.

"Huyo Barasa ana miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

"Na wewe ulikuwa na mingapi uliposimama pale msibani?"

Alikuwa anajua, nilikuwa nimemwambia dakika moja kabla.

"Ulishawahi kumwachia hata jambo moja?"

"Barasa ni mpole sana, Bwana Nassor. Hawezi kumkalisha Nekesa chini."

"Sikukuuliza kama mpole. Barasa yuko pale golini, mdogo wangu. Miaka yote hii yuko pale, na wewe unamkinga asione."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kumpigia Barasa. Nilitaka kumwambia la kufanya, hatua kwa hatua, kama nilivyomwambia siku zote. Nikasema tu, "Barasa, wewe unaonaje?"

Nadhani alikuwa anangoja nimalizie mwenyewe.

"Niachie," akasema.

"Utamwambia nini?"

"Sijui bado. Lakini usimpigie, Kaka. Ukimpigia anapata nguvu ya kukataa. Mpaka nikuambie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie."

Nimezuia paki kwa shavu, kwa goti na kwa mfupa wa mkono. Hakuna nilichozuia kwa shida kama kidole changu kisiguse jina la Nekesa kwenye simu.

Nusu fainali ikafika. Kipindi cha tatu, cha mwisho, sare ya mbili mbili, beki mwenzangu akapoteza paki katikati ya uwanja, na wakanijia wawili. Nikasikia pumzi ya Nassor nyuma yangu. Mwenye paki alikuja kulia, akaniangalia, akaningoja nimrukie. Nikashuka chini, nikalaza gongo, nikaziba njia ya yule wa pili. Ikawa mara yangu ya kwanza kufanya vile sawasawa. Mpigaji hakuwa na wa kumpa. Akapiga mwenyewe, na paki ikapita juu ya bega la Nassor, ikaingia.

Tukatolewa kwa bao lile. Nilibaki nimelala pale barafuni. Nassor akaja akanigonga mgongoni kwa gongo lake pana.

"Hilo langu," akasema. "Wewe ulikuwa pahala pako. Inuka, baridi itakuingia."

Chumbani nikatazama simu. Hakuna kitu kutoka nyumbani. Siku ya sita tangu nimwachie Barasa, hakuna. Siku ya tisa hakuna. Kocha akanipangia kunoa vyuma vya timu ya watoto, nikavinoa vyote, na vile vilivyokuwa vikali nikavinoa tena. Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, ukaja ujumbe wa Barasa: "Niko kwa geti ya shule. Ameingia."

Alivyofanya Barasa nilikuja kujua mwaka mmoja baadaye. Hakumwambia Nekesa lolote kuhusu shule. Kila asubuhi alikwenda naye kwenye kinu cha unga alikokuwa akifanya kazi. Walishika magunia pamoja, wakawa weupe kichwa mpaka miguu, mchana wakala na wenzake, jioni wakarudi. Siku ya nne, njiani, Nekesa akaanza kusema mwenyewe. Kwamba shuleni, siku ya wageni, wasichana wengine walikuwa na mtu wa kuketi naye kwenye nyasi. Nyanya ndiye aliyekuwa akienda. Tangu afariki, Nekesa alikuwa akijifungia bwenini mpaka magari yaondoke. Hakuwa na hamu yoyote ya Dubai. Alitaka tu kuwa mahali penye mtu wake.

Barasa akamwuliza, "Kwani siku ya wageni ni lini?" Basi. Akaanza kwenda, kila mara, na chapati na mayai ya kuchemsha. Mimi ningempa Nekesa maneno. Maneno yangu alikuwa nayo mengi, simu nzima. Na hata ningepanda ndege wiki ile, ningemkaripia siku tatu, nikarudi, na siku ya wageni angebaki bwenini vilevile.

Sisemi muwaachie watu mizigo yenu. Wako wanaoachia kwa uvivu, na nimecheza nao. Kipa anapigwa mashuti arobaini, beki anarekebisha soksi. Ninachosema ni kwamba lazima ujue yule wa pili ni nani, umkabe kweli, mpaka chini. Wa pili wangu alikuwa mshahara wa kila mwezi kufika nyumbani bila kukosa, na ukweli kwenye simu. Baada ya hapo niliwatumia picha ya pengo la meno. Nekesa alijibu kwamba nafanana na babu.

Matokeo ya Form Four yalipotoka, nilikuwa timu nyingine, Abu Dhabi. Nilijua siku, sikujua saa. Nilikaa na simu tangu asubuhi, nikaenda nayo mpaka kwenye meza ya kufungwa mkanda wa goti. Mchana nikajiambia amefeli, wanatafuta namna ya kuniambia. Saa kumi alasiri, nikiwa chumbani nimeshafunga kiatu kimoja, ikalia.

"Kaka, umekula?" Nekesa akauliza.

"Nimekula. Sema."

"Nimepita. Nimepata B."

Nyuma yake kulikuwa na kelele nyingi, watu na vyombo.

"Umejua saa ngapi?"

"Asubuhi. Barasa ndiye alijua kwanza, tukaenda kwa mwalimu, tukirudi tukapata majirani wamejaa, ikabidi nipike chai. Tukasahau kukupigia. Usikasirike."

"Kuna watu wangapi hapo?"

"Nyumba imejaa. Wengine wako nje."

"Basi nenda uwape chai."

"Hukasiriki?"

"Nenda, Nekesa. Wageni hawaachwi."

Akacheka, akaiweka simu mahali na kwenda bila kuikata. Nikamsikia Barasa akiuliza vikombe vya jirani viko wapi, na mtu akimjibu kwamba katoni yenyewe ameikalia yeye. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, wakaitikia. Mlango wetu ulikuwa bado unalia kama zamani.

Kocha akachungulia chumbani. "Yalla, twende, kila mtu yuko barafuni."

Nikainua kidole kimoja kumwomba dakika, nikaibana simu sikioni, kiatu kimoja mguuni na kingine sakafuni, nikasikiliza nyumba yetu.